Unafuga kenge? Matandazo unayomwekea bandani yanaweza kumuua taratibu bila wewe kujua

Kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo. Ila siku hizi kenge wamo hadi sebuleni.

Huko Marekani na Ulaya, kenge wa savana ni mmoja wa mijusi wakubwa wanaopatikana kirahisi kwenye maduka ya wanyama. Wengi wanatoka Afrika Magharibi, hasa Ghana na Togo, na husafirishwa wakiwa wadogo kiasi cha kutosha kiganjani. Mtu anamuona, anampenda, anamnunua, anamrudisha nyumbani na tangi la kioo na mfuko wa maranda.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Kenge huyu akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, lakini wengi hufa mapema kwa matatizo ya figo, kuziba kwa utumbo au mayai kukwama tumboni. Matatizo yote matatu yana uhusiano na kitu ambacho wanunuzi wengi hawakipi uzito: kile unachotandaza chini ya banda lake.

Kama unaishi nchi ambayo kumfuga ni halali na umeshaamua, au ndugu yako ughaibuni anaye, soma hapa kwanza.

Kwa kifupi

- Matandazo bora kwa kenge wa savana ni udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu na kina kirefu.
- Kwa kenge mkubwa, lenga kina cha sentimita 60. Kwa mdogo, anza na sentimita 30.
- Epuka maranda ya mbao zenye harufu kali, magunzi ya mahindi, maganda ya walnut, mchanga wa choo cha paka na kokoto.
- Udongo huo ni mzito sana. Hakikisha sakafu inaweza kuubeba kabla hujamleta mnyama.

Kwanza, huyu kenge ni nani?

Kenge wa savana, kitaalamu Varanus exanthematicus, anaishi kwenye nyika za Afrika Magharibi hadi Afrika ya Kati. Mkubwa huwa na urefu wa kati ya sentimita 60 na mita 1 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Wapo wanaozidi hapo.

Usimchanganye na hawa wa kwetu. Tanzania na Kenya tunaye kenge wa koo jeupe, ambaye ni ndugu yake mkubwa zaidi, na tunaye kenge wa maji anayeonekana sana kandokando ya mito na Ziwa Victoria.

Kenge wa savana ni mchimbaji. Anakula zaidi wadudu, jongoo, nge na konokono, na wengi wa hao anawafukua ardhini. Mtafiti Daniel Bennett, aliyewafuatilia kenge hawa nchini Ghana, alikuta watoto wao wakijificha ndani ya mashimo ya chenene wakubwa. Yaani tangu anatoka kwenye yai, maisha yake yanaanzia chini ya udongo.

Sasa mchukue mnyama wa namna hiyo, muweke juu ya gazeti au zulia la plastiki. Kwa macho yako banda ni safi. Kwake yeye, umemnyang'anya nyumba.

Kwa nini shimo ni muhimu kiasi hicho?

Juu ya ardhi savana inaweza kuwa kavu na jua linachoma. Ndani ya shimo mambo ni tofauti: kuna ubaridi na hewa yenye unyevu. Kenge anapota jua, anawinda, kisha anarudi shimoni. Kule ndani hewa anayovuta haimkaushi.

Bandani hali inageuka. Juu kuna taa ya joto inayowaka saa nyingi kwa siku, chini kuna maranda makavu, na mfuniko ni wavu unaopitisha unyevu wote nje. Kila anapopumua, anapoteza maji. Bakuli la maji peke yake halitoshi kufidia.

Upungufu huo wa maji hauonekani kwa siku moja. Unaenda polepole kwa miezi. Figo zinachoka, asidi ya uriki inajikusanya mwilini, na mwisho wake ni gauti. Mmiliki anashangaa: "Mbona alikuwa anakula vizuri tu?" Kumbe mnyama amekuwa akikauka ndani kwa ndani.

Jike ana hatari nyingine. Anaweza kutengeneza mayai hata kama hajakutana na dume, na akikosa udongo wa kuchimba na kutaga, mayai yanaweza kukwama tumboni na kumuua.

Porini majike hawana mchezo na suala hili. Kenge wa maji, kwa mfano, anajulikana kwa kutaga ndani ya vichuguu vya mchwa, kwa sababu humo joto na unyevu havibadilikibadiliki. Anachagua udongo kwa umakini. Na wewe fanya hivyo.

Matandazo ya kuepuka

*Maranda ya mwerezi na misonobari mibichi.* Wafugaji wa kuku wanayapenda maranda, na kwa kuku sawa. Ila mbao zenye harufu kali zina mafuta yanayoruka hewani, na ndani ya boksi lenye joto yanaweza kuumiza mapafu na ngozi ya mjusi. Mwerezi ndio mbaya zaidi.

*Magunzi ya mahindi yaliyosagwa.* Yakimezwa yanavimba. Yakilowa yanaota ukungu. Hayana faida yoyote kwa kenge.

*Maganda ya walnut.* Yana kingo kali, na akiyameza pamoja na chakula yanaweza kukwaruza au kuziba utumbo.

*Mchanga wa kalsiamu na mchanga wa choo cha paka.* Wa kwanza huuzwa kwa maneno matamu kwamba mjusi akiula ni sawa. Si sawa. Unaweza kugandana tumboni. Wa paka umetengenezwa kunyonya maji na kuwa bonge, na hivyo ndivyo utakavyofanya ndani ya mnyama.

*Kokoto na vipande vikubwa vya magome.* Kenge anakula kwa pupa. Anadaka windo na chochote kilicho pembeni yake. Mchanga kidogo unaweza kupita, jiwe la ukubwa wa njegere linaweza lisipite.

*Zulia la plastiki.* Kucha zinanasa kwenye nyuzi, uchafu unajificha chini, na hawezi kuchimba hata sentimita moja.

*Udongo wa maua wa dukani.* Hapa wengi wanakosea, kwa sababu mfuko umeandikwa "udongo". Soma vizuri. Ukiona una mbolea, dawa ya wadudu, au zile chembe nyeupe nyepesi za kusaidia mizizi kupumua, uache.

Vipi kuhusu gazeti na makumbi ya nazi?

Gazeti, au karatasi nyeupe, lina kazi yake: karantini. Kenge aliyetoka porini mara nyingi huja na kupe, utitiri na minyoo. Juu ya karatasi utaviona vizuri, na utaweza kukusanya kinyesi cha kupeleka kwa daktari wa wanyama. Kaa naye hivyo kwa mwezi mmoja au zaidi, kadiri daktari atakavyosema. Lakini hata kipindi hicho muwekee boksi lenye udongo wenye unyevu ajifiche.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale ambayo nyuzi zake watu wa Pwani wanasokotea kamba, yanashika maji vizuri na hayana sumu. Tatizo lake ni moja: yakiwa peke yake hayashiki shimo. Kenge anachimba, linabomoka. Yakikauka yanatoa vumbi jingi. Changanya kiasi kidogo kwenye udongo ili kuongeza unyevu, usiyafanye ndiyo matandazo yote.

Mchanganyiko unaofanya kazi

Hauhitaji kitu cha ajabu. Ndoo mbili za udongo wa kawaida wa juu, ndoo moja ya mchanga uliooshwa. Huo ndio mwanzo. Kama udongo wako tayari una kichanga, punguza mchanga. Kama ni mfinyanzi mzito, ongeza.

Udongo uchukue mahali ambapo hapajapuliziwa dawa wala kuwekwa samadi au mbolea ya viwandani. Pembeni ya barabara kubwa usichukue. Shambani kwa mtu anayepiga dawa kila wiki, usichukue. Toa mawe, vioo, misumari na mizizi migumu.

Kisha fanya majaribio mawili.

*Jaribio la kiganja.* Chukua udongo wenye unyevu, ukamue kwa nguvu, fungua mkono. Ukibaki bonge bila kuchuruzika maji, uko vizuri. Ukimwagika kama unga, ni mkavu au mchanga umezidi. Maji yakitiririka vidoleni, umelowa mno.

*Jaribio la ndoo.* Jaza ndoo, shindilia kwa mkono, kisha choma mpini wa jembe kwa mshazari na uuchomoe taratibu. Acha hadi kesho yake. Tundu likiwa bado limesimama, udongo huo unaweza kushika shimo. Likiwa limeporomoka, rekebisha mchanganyiko.

Dakika chache za majaribio haya ni bora kuliko kumfukua kenge aliyefukiwa na shimo lake mwenyewe.

Kina gani, na uzito wake je?

Hapa ndipo wengi wanaghairi, na kiukweli ni bora waghairi mapema.

Banda linalopendekezwa sana kwa kenge mkubwa wa savana lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.2 au zaidi. Ukijaza udongo wa kina cha sentimita 60, unapata takriban mita za ujazo 1.7. Hizo ni toroli zaidi ya 20 zilizojaa. Udongo wenye unyevu wa kiasi hicho unaweza kuzidi tani 2.

Tani mbili, ndani ya nyumba.

Kwa hiyo banda la namna hii linakaa chini, juu ya sakafu ya zege, si ghorofa ya tatu kwenye chumba cha kupanga. Kuta zake ziwe imara, na sehemu ya chini iwekewe nailoni nzito au turubai lisilopitisha maji, la sivyo mbao zitaoza.

Kenge mdogo unaweza kumuanzishia banda dogo. Kwa mfano, boksi la mita 1.2 kwa sentimita 60, lenye udongo wa sentimita 30, lina uzito wa kilo 300 hivi. Lakini anakua haraka. Usinunue kenge leo ukitegemea banda kubwa "litapatikana mbele ya safari".

Makosa yanayofanyika hata kwenye udongo mzuri

*Kuweka mawe juu ya udongo.* Mawe ya kuotea joto, magogo makubwa na beseni la maji visikae juu ya udongo tu. Kenge atachimba chini yake na vitamwangukia. Vijengee msingi unaofika hadi sakafu ya banda.

*Mkeka wa joto chini ya udongo.* Mjusi anayechimba anaenda chini kutafuta ubaridi. Ukiweka joto chini anaweza kuungua, na kifaa kikifukiwa kinaweza kupata moto kupita kiasi. Joto litoke juu, kwenye taa zilizofungwa mahali asipoweza kuzigusa. Pale anapootea, uso wa jiwe au gogo ufike nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na upande wa pili wa banda ubaki wa wastani. Usikisie kwa mkono, tumia kipimajoto.

*Mfuniko wa wavu mtupu.* Unyevu wote unapaa. Banda lenye kuta na paa lililofungwa, likiwa na matundu machache ya hewa, linatunza unyevu vizuri zaidi.

*Kumwagia maji juu juu.* Uso unakuwa tope, chini kunabaki kukavu. Tope la kudumu nalo linaleta malengelenge na vidonda kwenye ngozi ya tumbo. Simamisha bomba la plastiki kwenye kona likishuka hadi karibu na sakafu, umwage maji humo. Chini kutakuwa na unyevu, juu kutabaki kukavu kiasi.

*Kumlishia udongoni.* Wadudu hai wanaokimbia hawana neno, ni chakula chake cha asili. Lakini vipande vya nyama vinavyonata viweke kwenye sahani au jiwe bapa, asimeze udongo mwingi kwa mkupuo.

Kuhusu kuziba kwa utumbo, usiogope kila punje ya mchanga. Kenge mwenye maji ya kutosha mwilini na sehemu ya kuotea joto kali huweza kupitisha udongo kidogo anaoumeza. Hatari inakuwa kubwa akiwa amekauka, akikosa joto, au akimeza vitu vigumu visivyosagika.

Usafi: usibadilishe udongo wote kila mwezi

Toa kinyesi na mabaki ya chakula kila unapoyaona, pamoja na udongo uliogusana nayo. Geuza sehemu za juu mara kwa mara, ila shimo analolitumia liache.

Baadhi ya wafugaji huongeza minyoo ya ardhi na wadudu wadogo wanaokula uchafu. Wanasaidia kuvunjavunja mabaki, na kenge akiwala ni sawa tu. Banda linalotunzwa hivyo halihitaji kubadilishwa udongo mara kwa mara. Likianza kunuka amonia, kuota ukungu mwingi au kujaa utitiri, hapo toa udongo wote, safisha na uanze upya.

Na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni kila unapogusa kenge au udongo wake. Mijusi wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonekana wagonjwa. Mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge reptilia kabisa. Vyombo vya kenge visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Dalili kwamba matandazo yako yana shida

- Macho yamezama na ngozi ya ubavuni inakunjamana.
- Ile sehemu nyeupe ya kinyesi imekuwa ngumu kama chaki, au ya njano au rangi ya chungwa.
- Ngozi kuukuu inagoma kutoka, hasa kwenye vidole na ncha ya mkia. Ikibana inaweza kukata damu na kidole kikafa.
- Anakwaruza kona za banda siku nzima akijaribu kuchimba pasipochimbika.
- Viungo vya miguu vimevimba.
- Hapati choo kwa siku nyingi, tumbo limejaa, au anaburuza miguu ya nyuma.

Mbili za mwisho usizisubirie kesho. Mpeleke kwa daktari wa wanyama, ikiwezekana anayejua reptilia, apigwe eksirei.

Na mijusi wengine wakubwa je?

Kanuni ni ileile: angalia mnyama anafanya nini porini, kisha chagua.

Tegu wa Amerika Kusini naye ni mchimbaji na hujifukia ardhini msimu wa baridi. Anahitaji udongo wenye unyevu wa kina cha sentimita 30 au zaidi, ambao unaweza kuchanganywa na majani makavu na magome laini.

Iguana wa kijani ni wa mitini. Kwake urefu wa banda na matawi ya kupandia ni muhimu kuliko kina cha udongo, na wengi wanamtandikia karatasi bila tatizo. Kwa iguana, mfugaji hana haja ya tani mbili.

Kenge wa koo jeupe anahitaji udongo kama wa savana, ila kwa nafasi kubwa zaidi.

Kwa walio Tanzania na Kenya

Usiende kumkamata kenge kichakani ukajenga banda. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 haziruhusu kumiliki mnyamapori bila kibali. Kimataifa, kenge wote wamo kwenye orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo kuwavusha mpaka bila hati ni kosa.

Kwa walio nje, uliza sheria ya mji na jimbo lako kabla ya kulipa, kisha omba hati za mnyama. Kama muuzaji anaye aliyezaliwa kwenye ufugaji, mchukue huyo badala ya aliyetolewa porini.

Kabla hujalipa

Jenga banda kwanza. Jaza udongo, washa taa, uache wiki nzima. Pima joto la juu, ingiza mkono chini uone kama kuna unyevu, chimba shimo mwenyewe uone kama linasimama. Kama hayo yote yamekubali na sakafu haijalalamika, hapo nenda kamchukue kenge wako.

Na kama umesoma hadi hapa ukaona tani mbili za udongo ni kazi kubwa mno, basi usimnunue. Umejiokolea pesa, na kenge mmoja hatakauka sebuleni kwako.